Shajara ya Mradi: Ghuba Alfajiri, Picha Kutoka Mtumbwini

Lengo ni picha moja. Ghuba ndogo yenye matete pande mbili, mti mkavu umesimama majini katikati, ukungu wa chini, na taswira ya mti imelala juu ya maji bila kukatika. Lazima ipigwe kutoka majini kwa sababu kando yote ni kinamasi: hakuna pa kusimamisha mguu mmoja, sembuse mitatu ya tripodi.

Mtumbwi ni wa watu wawili, wazi, sakafu bapa. Mimi nakaa omo, yaani mbele, na kamera; mwenzangu tezini, yaani nyuma, na kafi. Kambi iko kwenye mwinuko mkavu, mwendo wa kama nusu saa kwa kafi la taratibu. Bei za vifaa hutofautiana mno toka mahali hadi mahali, kuziandika hakumsaidii mtu; gharama naihesabu kwa uzito tunaobeba, betri zinazokwisha na alfajiri zinazopotea. Kamera ni ya fremu kamili (kihisio chake, bamba linalopokea mwanga, kina ukubwa wa filamu ya kawaida ya 35 mm), pikseli milioni 24, lenzi ya kuvuta kutoka 24 hadi 70 mm. Mwenye kamera nyingine atabadilisha hesabu mbili tatu tu, maana mengi ya humu yanahusu mtumbwi na maji.

22 Februari: jua litatokea wapi

Siku ya kuzunguka na dira. Tumechagua mti, na pa kukaa ni mita 60 hivi magharibi yake, mahali ambapo matete yameacha uwazi unaotosha mtumbwi kuingia kinyumenyume. Mti una kimo cha kama mita 12 juu ya maji. Nilitaka jua litokee nyuma ya shina.

Jua huchomoza mashariki kamili siku ambazo usiku na mchana hulingana tu, yaani karibu na 20 Machi na 22 au 23 Septemba. Leo liko digrii 10 au zaidi kusini ya mashariki. Kuanzia sasa hadi mwisho wa Machi linahama kaskazini kama digrii 0.4 kwa siku, na zaidi kidogo kwa aliye mbali na ikweta. Upana wa jua lenyewe ni nusu digrii, kwa hiyo kila asubuhi linasogea karibu mwili wake mzima. Kwa mti ulio mita 60 mbele, ukitaka shina na jua vibaki kwenye mstari mmoja, mtumbwi nao unasogezwa sentimita 40 hivi kusini kila siku. Ndani ya siku kumi na mbili umesogea urefu wa mtumbwi. Hapo ndipo mtumbwi unaishinda nchi kavu: kusogea nusu mita ni kusukuma kafi mara moja.

Jambo la pili ni miti ya ng'ambo. Saa ya macheo inayoandikwa kwenye almanaka ni ya upeo ulio wazi. Nyosha mkono, kidole kidogo kinafunika digrii moja hivi ya anga. Miti ya ng'ambo ilichukua vidole vidogo vitatu. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo hata kwenye ikweta, ambako jua hupanda wima, hapa litaonekana dakika 12 baada ya saa ya almanaka. Mbali na ikweta hupanda kwa mshazari: linachelewa zaidi, na likitokeza juu ya miti limeshahama pembeni. Upimaji wa dira ufanyike pale linapotokeza kweli.

1 Machi: tripodi ndani ya mtumbwi

Imeshindikana, na inafaa kueleza kwa nini, maana kila ninayemweleza mradi huu huanza na ushauri wa tripodi.

Tulifunga miguu mitatu kwenye mbao mbili zilizolazwa sakafuni, tukakaza kwa kamba. Kamera haikutikisika hata kidogo ukilinganisha na mtumbwi. Lakini mtumbwi wenyewe ulikuwa ukitikisika, na sasa kamera ilikuwa imefungwa nao kama pacha. Kila pumzi ya mwenzangu tezini ilifika kwenye picha. Mwili wa mtu aliyepiga magoti hunyonya sehemu kubwa ya mtikiso huo kiunoni na mabegani; chuma hakinyonyi kitu.

Hesabu yake ni hii. Mtumbwi uliotulia, usio na upepo, bado unacheza. Tuseme digrii moja kwa sekunde, ambayo kwa jicho ni utulivu mtupu. Kwa lenzi iliyowekwa 35 mm na pikseli 6,000 kwa upana wa fremu, mwendo huo unaburuta taswira pikseli 100 hivi kila sekunde. Ukifungua shata, pazia linaloruhusu mwanga ndani ya kamera, kwa sekunde 1/10, kila jani la tete limepakwa pikseli kumi. Kwa 1/100 limepakwa moja, na hiyo haionekani. Kizuia mtikiso cha kamera kinasaidia, ila kimetengenezwa kwa mikono ya mtu, siyo kwa chombo kinachopanda, kushuka na kuyumba kwa pamoja.

Gharama: kilo mbili na nusu za tripodi zilizobebwa bure, na alfajiri nzuri isiyo na upepo. Tripodi imebaki kambini, inaanikia taulo.

3 Machi: elekeza omo kwenye picha

Zoezi la mchana, kwenye maji yaliyotulia, bila kujali mwanga. Nilipiga kibao kilichobandikwa karatasi yenye maandishi, mtumbwi ukiwa umekaa kwa namna tofauti, kisha nikakuza picha kambini.

Tofauti kubwa kuliko zote haikutokana na kamera. Mtumbwi huyumba zaidi ubavuni kuliko mbele na nyuma. Ukipiga picha ukiangalia ubavuni, kila myumbo unaipandisha na kuishusha kamera, na taswira nzima inaburutwa. Ukipiga ukiangalia mbele, omo imeelekea kwenye picha, myumbo uleule unaizungusha taswira kama gurudumu: katikati hapasogei kabisa, na kwenye pembe za fremu mburuto ni kama pikseli 60 kwa sekunde badala ya 100. Mti wangu uko katikati. Basi mtumbwi ukae ukiuelekea mti, na hakuna mjadala.

Anayenunua kamera kwa kazi kama hii aangalie kitu kimoja: kizuia mtikiso kilicho ndani ya lenzi hakiwezi kurekebisha mzunguko huo wa gurudumu. Kile cha kwenye kihisio, cha mihimili mitano (yaani kinachofidia mwendo wa aina tano), kinaweza.

Mkao uliofaa: magoti sakafuni, makalio juu ya visigino, viwiko vimebanwa mbavuni. Kuegemea ukingo wa mtumbwi ni kurudi kwenye habari ya tripodi. Mtumbwi unapoyumba hufika mwisho wa upande mmoja, unasita kidogo, kisha unarudi. Kwenye kusita huko kasi yake ni sifuri. Ukishausikia mdundo huo magotini, unapiga fremu nne au tano mfululizo kuanzia kabla kidogo ya kusita. Moja wapo karibu kila mara imekaa sawa, hata kwa 1/15. Hizo nyingine futa bila huruma, la sivyo kadi itajaa kabla jua halijatoka.

9 Machi: mawimbi yetu wenyewe

Asubuhi ya leo ilikuwa na kila kitu: anga safi, upepo sifuri, rangi ya zambarau juu ya miti. Tukafika, nikainua kamera, na taswira ya mti majini ilikuwa imekatwakatwa nusu ya juu. Shina limetulia, ncha inacheza. Tulingoja. Ncha ikaendelea kucheza.

Jibu lilipatikana mchana kwa kuchora pembetatu kwenye daftari. Macho yangu nikiwa nimepiga magoti yako sentimita 80 juu ya maji. Sehemu ya maji inayoakisi ncha ya mti wa mita 12 ulio mita 60 mbele haiko karibu na mti. Iko mita 3.75 mbele yangu. Yaani nusu ya juu ya mti, ile ambayo nilidhani iko mbali huko, inaandikwa na maji yaliyo puani mwa mtumbwi, ambako kila tone linalodondoka kutoka kwenye kafi na kila kusogea kwa goti kunatuma duara. Na wimbi dogo halihitaji kuwa kubwa: uso wa maji ukiinama digrii moja kuelekea kwako, taswira inaruka digrii mbili.

Hii imevunja wazo nililokuja nalo, kwamba kamera iteremke kadiri iwezekanavyo. Ukiishusha hadi sentimita 40, maji yanayoakisi ncha yanakuwa chini ya mita mbili kutoka kwako, ndani kabisa ya duara zako mwenyewe. Ukiipandisha hadi mita moja na nusu, yanasogea karibu mita saba, lakini huo ni urefu wa mtu aliyesimama, na kusimama ndani ya mtumbwi gizani ukiwa umeshika kamera ni kuomba kuoga. Sentimita 80 hadi mita moja ndiyo suluhu tuliyokubaliana.

Chombo kinachokwenda huacha nyuma yake mawimbi yanayofunguka kama digrii 19.5 kila upande, haidhuru kiende taratibu au haraka, ilimradi maji yana kina. Tulikuwa tukiingia kwenye ghuba moja kwa moja kutoka upande wa mti, kwa hiyo tulilima uwanja wote wa picha kabla ya kuupiga. Kisha mawimbi yakagonga matete, yakarudi.

Marekebisho: tunapita nje ya ghuba, tunazunguka, tunaingia kwa tezi kupitia uwazi wa nyuma ya matete, maji yaliyo mbele hayajaguswa. Mwenzangu hatoi kafi majini. Akimaliza kuvuta analigeuza ubapa na kulirudisha mbele chini ya maji, hivyo hakuna matone. Tukishafika analaza kafi sakafuni na kushika matete, konzi moja kila mkono, mtumbwi ukiwa katikati ya mikono yake. Hakuna nanga iliyotushika vizuri kuliko hivyo. Nanga ya jiwe tuliijaribu: mtumbwi uliizunguka pole pole kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, na picha ikahama nao.

Kazi ya wawili si anasa. George Shiras, Mmarekani aliyetangulia kupiga picha za wanyama usiku, alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kutoka kwenye mtumbwi huko Michigan, yeye akiwa omo na kamera na taa, mwenzake nyuma akipiga kafi kimya kimya. Jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74 katika toleo la Julai 1906. Watu husimulia habari za taa zake za mlipuko. Mimi baada ya asubuhi hii namfikiria zaidi yule wa nyuma.

14 Machi: ukungu haukuja

Wala jana yake. Picha zipo, safi, tulivu, na hazina maana: bila ukungu mti unapotea ndani ya miti ya ng'ambo, nyeusi juu ya nyeusi.

Ukungu wa alfajiri juu ya maji una masharti. Anga iwe wazi usiku, ili nchi kavu ipoteze joto lake juu. Hewa iliyopoa kando ya maji huwa nzito, inateremka na kutambaa juu ya ziwa, na ziwa bado lina joto la mchana. Mvuke unaotoka majini unakutana na baridi hiyo na kuganda kuwa matone madogo. Wingu likifunika usiku, joto halitoki. Upepo ukivuma, hewa ya baridi inachanganywa na ya juu yake na hakuna kinachoganda.

Usiku wa jana ulifunikwa na mawingu hadi karibu na saa kumi. Tungeweza kulijua hilo kwa kutoa kichwa nje ya hema, tukabaki tumelala. Sasa utaratibu ni huu: kipimajoto kimoja kinafungwa kwenye kamba na kuzamishwa nusu mita, kingine kinaning'inia nje. Mwenye zamu anaamka saa tisa usiku, anatazama nyota, anasoma vyote viwili. Nyota zikionekana, majani yamelowa umande, na hewa ina baridi kuliko maji kwa nyuzi saba au nane, tunaamshana. Kama sivyo, usingizi.

Gharama ya mawingu hayo: betri moja iliyokwisha kwa kuwasha kioo cha nyuma ya kamera kila dakika kuangalia kitu ambacho hakipo. Baridi hupunguza nguvu ya betri za lithiamu, kwa hiyo ya akiba inakaa mfuko wa ndani wa shati, na ile iliyoonekana imekwisha ikipashwa joto mwilini hutoa picha kadhaa zaidi.

17 Machi: ukungu umekuja, mpaka ndani ya lenzi

Vipimajoto: maji nyuzi 19, hewa nyuzi 11. Nyota zote nje. Ukungu ulikuwa wa kiunoni, unatembea kwa vipande, mti umetoka juu yake. Nikapiga hadi mwanga ulipokuwa mweupe kabisa, kioo cha nyuma kikionyesha kila kitu kiko laini na cha kupendeza.

Kilikuwa laini mno. Kioo cha mbele cha lenzi kilikuwa na umande tangu nusu saa ya kwanza. Kwenye kioo kidogo cha nyuma umande huonekana kama ukungu wa ziada. Ukikuza picha unaona mng'ao umefuta kila ukingo.

Umande unakaa kwenye lenzi kwa sababu ileile inayoufanya ukae kwenye majani: kioo kimetazama anga wazi, kinapoteza joto lake, kinakuwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka. Kuifuta kwa kitambaa kunasaidia dakika tano, kisha kitambaa chenyewe kinalowa na unaanza kupaka maji. Tulichofanya ni vitu viwili. Kofia ya lenzi, ile pete pana inayoikinga pembeni bila kuiziba, haitoki kamwe, na kamera ikiwa haitumiki inatazama chini. Pili, kipakiti cha joto, vile ambavyo watu hutia ndani ya glavu, kimefungwa kwa mpira chini ya shingo ya lenzi, karibu na kioo cha mbele lakini mbali na pete ya kulengea, ile inayoamua umbali upi utoke mkali kwenye picha. Kioo kikiwa na joto kidogo tu kuliko hewa, umande haukai.

Kinyume chake hutokea kambini: kamera iliyopoa ikiingizwa kwenye hema lenye pumzi za watu wawili hulowa yote, ndani na nje. Ifungwe kwenye mfuko wake usiopitisha maji huko huko nje, ndipo iingie, na ifunguliwe ikishapata joto la hema. Na mfuko wa kukunja mdomo ukunjwe mara tatu au zaidi. Mikunjo miwili ilipitisha maji ya kutosha kulowanisha daftari, na kurasa za mwanzo za shajara hii zimeandikwa upya kwa kumbukumbu.

19 Machi: kulenga gizani

Ukungu mzito kuliko wa juzi. Kamera inatafuta pa kulenga, lenzi inakwenda mbele na nyuma, haipati kitu, na hata inapokataa kufyatua bado inapiga kelele ndogo ambayo ghuba nzima inaisikia. Ndege mmoja wa majini aliyekuwa ametulia upande wa kushoto aliondoka kwa hasira, na mabawa yake yakavuruga maji kwa muda mrefu kuliko sisi.

Kulenga kwa mkono kumemaliza tatizo. Kwa lenzi iliyowekwa 35 mm na tundu lake f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ukilenga mita 5 hivi, kila kitu kuanzia mita mbili na nusu hadi mbali kabisa kinatoka kikali kiasi cha kukubalika. Nililenga mchana kwenye tete lililo umbali huo, nikabandika kipande cha tepu juu ya pete ili isiguswe. Alfajiri sigusi kitu.

Tatizo lililobaki ni macho. Mtu aliyekaa gizani saa nzima akiangalia kioo cha nyuma anakiona kinang'aa, na picha yenye giza inaonekana imeiva. Zangu za leo zina giza stopu mbili, na kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu. Kipimo cha kamera nacho kinaona ukungu na kutaka kuufanya uwe wa kijivu cha kati. Vyote viwili vinavuta upande mmoja. Kwa hiyo mwangaza wa kioo umeshushwa hadi chini, fidia ya mwanga imewekwa +1, yaani stopu moja ya kuongeza, na ninasoma histogramu peke yake, ule mchoro unaoonyesha giza na mwanga vimegawanyikaje kwenye picha. Taa ya kichwani ni nyekundu. Nyeupe inakupotezea uwezo wa kuona gizani kwa zaidi ya dakika ishirini.

22 Machi: picha

Nyota, umande, tofauti ya nyuzi nane. Majaketi ya kujiokolea yakavaliwa, saa kumi na nusu tuko majini, tukazunguka kwa nyuma, tezi ikaingia kwenye matete kabla hakujapambazuka. Mwenzangu akashika konzi zake mbili.

Dakika 25 kabla ya saa ya almanaka palikuwa na mwanga wa ISO 6400 (ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga), f/4, sekunde 1/8 tu. Fremu hizo ni za kuangalia mpangilio na hazina kazi nyingine. Kwenye ikweta, kipindi cha kuanzia jua likiwa digrii 6 chini ya upeo hadi linapochomoza huchukua dakika 21 hivi. Kwenye latitudo 60 siku kama hii ni karibu maradufu. Aliye huko ana nafasi ya kufikiri. Aliye karibu na ikweta awe ameshafikiri.

Nilipotaka kuanza, mwenzangu alinong'ona, "Subiri, bado hayajalala." Alikuwa anaangalia maji ya karibu, mimi nikiangalia mti. Dakika mbili baadaye ncha ya mti ilijiunga na shina lake.

Filta ya polaraizi imebaki kwenye mfuko. Inafanya maji yaonekane tajiri mchana, lakini kazi yake ni kuondoa mwako wa uso wa maji, na mwako huo ndio picha yenyewe. Isitoshe hula stopu moja na nusu au mbili ambazo alfajiri hatuna.

Dakika tano kabla ya almanaka: ISO 800, f/5.6, 1/125. Ukungu ulikuwa wa bluu, mti mweusi. Kisha anga nyuma ya miti likaanza kupata rangi, na kwa kuwa tulikuwa tumeelekea huko, ukungu wote ukawaka kwa ndani. Matone ya ukungu husukuma sehemu kubwa ya mwanga mbele, yaani kuelekea upande uleule mwanga ulikokuwa ukienda. Anayetazama jua anauona ukungu unang'aa, anayelipa jua kisogo anauona kama moshi wa kijivu.

Picha iliyochaguliwa ni ya dakika ya tisa baada ya saa ya almanaka, jua likiwa bado nyuma ya miti ya ng'ambo: ISO 400, f/8, 1/125, 35 mm. Jua lenyewe lilipotokeza, pale pale nyuma ya shina kama hesabu ya Februari ilivyosema, liliharibu kila kitu. Doa jeupe, matete meusi kama mkaa, na baada ya muda mfupi upepo wa kwanza ukapita juu ya maji na ukungu ukaanza kupanda kwa vipande. Kwa hiyo mstari wa jua na mti ulikuwa na faida, ila faida yake ni ule mwako unaotangulia jua. Anayeiga kazi hii anaweza kufunga kamera jua likishatoa ukingo.

27 Machi: mbele ya kompyuta

Faili ghafi, yaani kama kamera ilivyozinasa bila kuzichakata. Nimeacha ubluu wa vivuli kama ulivyokuwa. Kuurekebisha uwe mweupe kunaigeuza alfajiri kuwa saa nne asubuhi.

Taswira ya majini ilikuwa na giza zaidi kuelekea chini ya fremu, na jaribio la kwanza lilikuwa kuipandisha mwanga ilingane na anga. Ikaonekana ya uongo mara moja, ingawa mtazamaji hangeweza kusema kwa nini. Sababu ni maji yenyewe. Yanayotazamwa kwa mshazari mkali, kama yale ya karibu na shina, huakisi karibu mwanga wote. Yale yaliyo mita 3.75 mbele yetu, yanayotazamwa kwa pembe ya digrii 12 hivi, huakisi kama asilimia 28, ambayo ni pungufu ya karibu stopu mbili. Ukiangalia chini wima ni asilimia 2 tu. Taswira ya majini isiwe na mwanga zaidi kuliko kinachoakisiwa, na ififie kadiri inavyokujia. Nimeirudisha, nikaipa theluthi ya stopu basi.

Kunyoosha picha kulileta ubishi. Ufuo wa ng'ambo umekaa kwa mshazari, upande mmoja uko mbali zaidi, kwa hiyo mstari wa maji na miti si wa kuaminika hata picha ikiwa imenyooka. Kipimo cha uhakika ni mti: kila nukta na taswira yake kwenye maji tulivu ziko kwenye mstari mmoja wa wima. Nimeunganisha kifundo kimoja cha tawi na pacha wake wa majini; picha ilikuwa imeinama digrii 1.3. Kuinyoosha kumekata kingo, tete moja la kulia limekwenda.

3 Aprili: chapa ya kwanza

Pikseli 6,000 kwa 300 kwa inchi zinatoa upana wa sentimita 50, na baada ya kukata kingo imebaki 48. Kwenye karatasi ukubwa huo umekubali. Karatasi ya kung'aa imekataliwa, ukungu unageuka plastiki. Isiyong'aa imefaa, ila inameza giza la chini, kwa hiyo vivuli vimepandishwa kidogo kwa ajili ya chapa pekee.

Kinachonikera ni duara moja dogo, chini kushoto, ambalo kwenye kioo cha kompyuta halikuonekana. Linatokana na samaki au na goti langu. Sijalifuta.

Nafasi ya kurudia ni karibu na 22 Septemba. Wakati huo jua litakuwa linarudi kusini, kwa hiyo mtumbwi utakuwa ukisogea kaskazini sentimita 40 kwa siku, kinyume cha sasa. Tukichelewa kupita tarehe hiyo tutaangukia upande wa kaskazini, kule tulikokuwa mwanzoni mwa Machi, ambako matete ni mafupi na hayajazi konzi. Huko zitatakiwa fito mbili za kuchomekwa matopeni, moja kila ubavu wa tezi, na zichomekwe mchana wa siku iliyotangulia ili tope lipate usiku mzima wa kutuama.